Kompyuta haizimiki kabisa: skrini inazima, feni na taa zinabaki. Nianzie wapi?

mezani_i5

Wakuu, habari za saa hizi.

Kompyuta ni ya mezani, prosesa Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8, SSD moja na diski moja ya kawaida, Windows 10 ya biti 64. Nikibofya Shut down, maandishi ya kufunga yanatokea, kiduara kinazunguka, kisha skrini inakuwa nyeusi na monita inalala. Hapo ndipo ilipaswa kuishia. Lakini feni ya prosesa na ya pawa saplai zinaendelea kuzunguka, taa ya mbele inawaka, kibodi na kipanya navyo vina mwanga. Nimeiacha dakika 40, hakuna kilichobadilika. Taa ya diski haipepesi hata mara moja.

Kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja hakusaidii. Inakubali kukata tu nikikishikilia. Restart inafanya kazi bila shida. Sleep ina ugonjwa uleule: skrini inazima, feni hazisimami.

Ilianza baada ya Windows kujisasisha. Hakuna kifaa kipya kilichofungwa. Printa na hubu ya USB nimeshavichomoa, hali ni ileile.

Naomba kujua: hii ni pawa saplai au ni Windows? Kukata kwa kushikilia kitufe kila siku kunaharibu diski? Na huo mwanga wa kibodi ni sehemu ya tatizo hili au ni jambo lingine?

waya_wa_kijani

Mkuu, usinunue pawa saplai bado. Maelezo yako yameshaiondoa karibu kabisa kwenye orodha, na sababu ni hii.

Kwenye mashine za ATX, yaani karibu zote za mezani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kitufe cha mbele hakikati umeme. Kinapeleka ishara tu kwenye ubao mama. Ukichagua Shut down, Windows inafunga programu, inafunga huduma zake, inaziambia draiva zote zizime vifaa vyao, halafu kazi yake ya mwisho kabisa ni kuandika amri ya ACPI (kanuni za kusimamia umeme wa kompyuta) kwenye chipuseti, ile chipu kuu ya ubao mama: nenda hali ya S5, yaani zima kabisa. Chipuseti ikiipokea, ubao mama unaachia waya mmoja wa pawa saplai, ule wa kijani. Waya huo ukivutwa chini karibu na volti 0, pawa saplai inatoa volti 12, 5 na 3.3. Ukiachiwa, unapanda wenyewe na pawa saplai inakata hizo zote. Kinachobaki ni waya wa zambarau tu, volti 5 za kusubiri, ili kitufe kiweze kusikika tena.

Kwa hiyo amri ya kuzima inapita mikono mitatu: Windows na draiva zake, kisha BIOS (programu ya ubao mama wenyewe) na chipuseti, kisha pawa saplai. Kazi yetu ni kujua imekwama kwenye mkono upi. (Zile mashine za AT za zamani zilikuwa na swichi inayokata umeme moja kwa moja, na ndiyo maana Windows 95 ilikuwa ikikuandikia kwamba sasa ni salama kuzima kompyuta. Haikuwa na njia yoyote ya kuifikia pawa saplai yenyewe.)

Kushikilia kitufe kwa sekunde 4 ni kipimo kizuri sana ambacho watu wanakitumia bila kujua kuwa ni kipimo. Kitendo hicho hakipiti Windows hata kidogo. Chipuseti inahesabu zile sekunde na kuachia waya wa kijani yenyewe. Kwako ilikata na ikabaki imekata, maana yake mkono wa tatu ni mzima na nusu ya mkono wa pili ni nzima. Kilichobaki ni Windows kutofika kwenye ile amri ya mwisho, au kuitoa na BIOS kuikataa. Kulala kushindwa pamoja na kuzima kunazidi kuelekeza kwenye draiva, kwa sababu njia zote mbili zinapita palepale: kila draiva lazima ijibu kuwa kifaa chake kimeshuka. Restart haikatishi umeme, ndiyo maana inapita.

Fanya majaribio mawili, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni kuzima kikamilifu. Tangu Windows 8, kubofya Shut down kwa kawaida hakuzimi kila kitu. Programu zako zinafungwa, lakini kerneli (kiini cha mfumo) na draiva zinagandishwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Hiyo ndiyo Fast Startup. Draiva yenye hitilafu inagandishwa ikiwa na hitilafu yake na kuamshwa nayo, siku baada ya siku. Shikilia Shift, bofya Shut down, uachie Shift skrini ikishaanza kufunga. Au fungua Command Prompt uandike:

shutdown /s /t 0

Amri hiyo haitumii Fast Startup. Ikizima sawasawa, umeshajua kuwa shida ni Fast Startup.

La pili ni kuwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, usambazaji wowote, bila kusakinisha chochote. Ikishawaka, fungua teminali, andika `systemctl poweroff`. Linux ikizima mpaka feni zisimame, BIOS na chipuseti viko salama na tatizo ni la Windows peke yake. Na Linux ikishindwa kama Windows, rudi BIOS: rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha angalia kama kuna toleo jipya kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa ubao wako.

Kuhusu diski: kukata kwa kitufe hakuvunji diski, kunachoweza kufanya ni kuharibu faili zinazoandikwa wakati huo. Kwako skrini ni nyeusi na taa ya diski imetulia kabisa, kwa hiyo hatari ni ndogo. Ila subiri dakika moja nzima ya utulivu wa ile taa kabla ya kushikilia. Usichomoe waya ukutani taa ikiwa bado inapepesa.

sifuri_nukta

Andika `powercfg /h off` kwenye Command Prompt ya msimamizi, basi. Fast Startup inakufa na tatizo linaisha.

waya_wa_kijani

@sifuri_nukta, inafanya kazi, ila inachukua zaidi ya inavyohitajika. Amri hiyo inafuta hiberfil.sys yote, na usingizi mzito (Hibernate) unaondoka pamoja nayo. Mwenye laptopu atakuja kugundua siku betri imeisha na kazi yake haikuhifadhiwa. Kama shida ni Fast Startup tu, ingia Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bofya "Change settings that are currently unavailable", ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup", hifadhi. Usingizi mzito unabaki.

Hata hivyo, kama Shift haikusaidia, kuondoa Fast Startup hakutasaidia pia. Ndiyo maana jaribio linatangulia.

soma_logi

Naongezea upande wa Windows, kwa sababu mashine yenyewe inaandika ilipofika, na watu wengi hawaendi kusoma.

Fungua Event Viewer, Windows Logs, System. Tafuta saa ile ulipobofya Shut down. Kwenye uzimaji uliokwenda sawa utaona tukio 1074 (nani ameomba kuzima na kwa sababu gani), kisha 6006 (huduma ya logi imefungwa), na 13 kutoka Kernel-General, linalosema mfumo unazimika. Sasa angalia ulipowasha tena. Ukikuta Kernel-Power 41, Windows inasema haikumaliza kufunga kabla umeme haujakatika. Fungua tukio hilo, ingia kwenye Details, soma BugcheckCode. Ikiwa 0 na PowerButtonTimestamp ina namba ndefu, ni wewe uliyeshikilia kitufe. Ikiwa BugcheckCode ni 159, hapo kuna habari: namba hiyo imeandikwa kwa desimali, na ndiyo 0x9F, draiva iliyoambiwa ibadilishe hali ya umeme na haikujibu.

Kama 13 lipo na 41 halipo, Windows imemaliza kazi zake zote na imekwama mwisho kabisa, pale pa kukabidhi amri kwa chipuseti.

Jambo la pili, ifanye Windows iseme inachofanya wakati wa kufunga. Kwenye Registry Editor nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System

Tengeneza DWORD (32-bit) iitwayo VerboseStatus, ipe thamani 1. Ukizima tena, badala ya neno moja la kufunga utaona hatua moja moja: huduma fulani inasimamishwa, sera zinafungwa, na kadhalika. Ikiganda, sentensi ya mwisho iliyobaki kwenye skrini ndiyo ya kufuatilia. Kwako skrini inazima kabla ya kukwama, kwa hiyo natarajia hutaona kosa hapo, lakini kwa anayekaa dakika kumi kwenye maandishi ya kufunga, hii inaokoa muda mwingi sana.

Huyo wa dakika kumi aangalie pia ClearPageFileAtShutdown, iliyo chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management. Ikiwa 1, Windows inafuta faili la kurasa (page file, sehemu ya diski inayosaidia RAM) kwa kuandika sifuri juu yake lote kila inapozima. Ukiwa na GB 16 za faili hilo kwenye diski ya kuzunguka, hesabu mwenyewe. Irudishe 0, isipokuwa kama kazi yako inadai ufutaji huo.

Sasa kwako, @mezani_i5. Kizazi cha 4, Windows 10, masasisho, skrini inazima, feni zinabaki, Sleep nayo inashindwa. Mchanganyiko huo nauhusisha kwanza na draiva moja: Intel Management Engine Interface, inayowasiliana na ME (Management Engine), prosesa ndogo iliyo ndani ya chipuseti. Chipuseti za kizazi hicho zina ME ya toleo la 9. Windows Update iliwahi kusukuma draiva ya toleo la 11 kwenye mashine kama hizo, na dalili yake inayojulikana ni hii uliyoieleza. Fungua Device Manager, System devices, bofya mara mbili jina hilo, kichupo cha Driver, utuandikie namba ya toleo.

mezani_i5

Nashukuru sana wakuu. Majibu haya hapa:

Shift + Shut down: hali ileile. `shutdown /s /t 0`: ileile.

Linux ya kwenye flashi, `systemctl poweroff`: imezima kabisa, feni zimesimama, taa ya mbele imezima. Nimerudia mara tatu, zote sawa. Mwanga wa kibodi umebaki, hata kwa Linux.

Event Viewer: 1074, 6006 na 13 zote zipo. 41 haipo.

Intel Management Engine Interface: toleo linaanza na 11.0.

soma_logi

Basi tumefika. Linux imezima, Windows imemaliza hadi 13, draiva ni 11 juu ya chipuseti ya 9.

Thibitisha kabla ya kusakinisha chochote. Kwenye Device Manager, bofya kulia Intel Management Engine Interface, chagua Disable device, kubali, kisha zima. Mashine ikikata hadi feni, ushahidi umekamilika. Kulemaza kifaa hiki kwa jaribio hakuzuii Windows kuwaka.

Kisha:

1. Nenda ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta au ubao mama wako, kwa namba kamili ya modeli. Pakua draiva ya Management Engine yenye toleo linaloanza na 9 au 10. Isiwepo ya Windows 10, chukua ya Windows 8.1 ya biti 64.

2. Rudi Device Manager, bofya kulia kifaa hicho, Uninstall device, weka tiki kwenye "Delete the driver software for this device". Bila tiki hiyo, Windows itakirudisha kilekile kutoka ghala lake ukiwasha tu.

3. Kabla ya kuwasha upya, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Hatua hii watu wanairuka, halafu wanashangaa 11 imerudi kabla hawajafungua faili walilopakua.

4. Washa upya, sakinisha toleo la zamani, hakikisha namba kwenye kichupo cha Driver, zima. Kata umeme nyuma sekunde kama 30, washa, zima tena. Usitosheke na mara moja.

5. Kabla ya kurudisha mtandao: Control Panel, System, Advanced system settings, kichupo cha Hardware, Device Installation Settings, chagua No. Hiyo inaizuia Windows kujichukulia draiva yenyewe.

Kuna njia ya mkato ambayo utaisoma kwingine: kwenye kichupo cha Power Management cha kifaa hicho, ondoa tiki ya "Allow the computer to turn off this device to save power". Kwa baadhi ya mashine inatosha. Mimi napendelea kubadili toleo, kwa sababu ile tiki ina tabia ya kurudi draiva ikisasishwa.

feni_haikomi

Samahani kudandia uzi. Dalili zinafanana, ila kwangu kushikilia kitufe sekunde 4 hakukati. Nimeshikilia hadi 15. Feni zinapungua kidogo, zinarudi. Lazima nizime swichi ya nyuma. Je, nifuate hatua hizi za draiva?

waya_wa_kijani

Hapana ndugu, usiguse draiva. Dalili zinafanana kwa macho tu. Kwako hata chipuseti ikiamrishwa moja kwa moja, umeme haukati, kwa hiyo umeshatoka kwenye Windows na uko kwenye vyuma.

Anza na kisicho na gharama. Zima swichi ya nyuma, fungua kasha, tafuta nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha mbele hadi pini zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN kwenye ubao. Zichomoe. Rudisha umeme, uiwashe kwa kugusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde, bila kugusa pini jirani. Iache iwake, kisha izime kwa Windows. Ikizima na kubaki imezima, kitufe cha mbele kimenasa au kimeoza ndani, na kinaiwasha tena kila inapojaribu kulala.

Ikiendelea, chukua multimita, weka kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Plagi kubwa ya pini 24 ibaki imechomekwa. Proubi nyeusi ishikishe waya wowote mweusi wa plagi hiyo. Nyekundu iingize taratibu nyuma ya plagi, pale waya wa kijani unapoingia, pini ya 16, isukume mpaka iguse chuma. Ina nafasi finyu, na mkono ukitetemeka proubi inateleza kwenda pini ya jirani, kwa hiyo kaza plagi kwa kidole cha mkono wa pili kwanza. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, tafuta pini ya 16 kwenye mchoro wa pawa saplai yako, usikisie. Na baadhi ya mashine za ofisini za kiwandani zina plagi zao wenyewe zisizofuata rangi hizi, hizo soma mwongozo wake kwanza.

Mashine ikiwa imewaka utasoma karibu na 0, isizidi 0.8. Sasa ishikilie kitufe au izime kwa Windows, macho kwenye multimita, masikio kwenye feni. Kuna majibu mawili:

Usomaji ukipanda juu ya volti 2, kwa kawaida karibu na 5, na feni bado zinazunguka, ubao mama umeachia na pawa saplai haitii. Pawa saplai ni mbovu, badilisha.

Usomaji ukibaki chini ya 0.8, ubao mama bado unashikilia. Pawa saplai inafanya inachoambiwa. Hapo toa umeme, toa betri ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 kumaliza chaji, subiri dakika 5, rudisha. Kisha toa kila kadi ya ziada na kila waya wa USB, ujaribu ukiwa na RAM moja tu. Ikikataa, ubao mama una hitilafu kwenye saketi ya umeme, na hiyo ni ya fundi wa kuchomelea.

Pawa saplai yenyewe usiifungue kutafuta kosa. Kapasita kubwa ya ndani inabeba zaidi ya volti 300 za DC kwenye umeme wa 230, na inaweza kuendelea kuzishika baada ya waya kuchomolewa.

Halafu kuna jambo moja la haraka ambalo nilipaswa kulitanguliza: ikiwa imezimwa kwa swichi ya nyuma na waya wa umeme umechomolewa kabisa, je, taa yoyote kwenye ubao inaendelea kuwaka baada ya dakika moja, au feni inatikisika? Ikiwa ndiyo, umeme unaingia kinyumenyume kutoka hubu ya USB yenye adapta yake au kutoka monita kupitia waya wa HDMI. Chomoa vyote viwili kisha rudia majaribio tangu mwanzo.

pengwini_wa_teminali

Kwa watumiaji wa Linux watakaofika hapa: msichanganye `halt` na `poweroff`. `systemctl halt` inasimamisha mfumo na kukuacha na maneno "System halted", umeme ukiwa unaendelea. Si kosa, ndiyo kazi yake.

Kama `poweroff` inakwama, bonyeza Esc wakati wa kufunga ili picha ya usambazaji iondoke na maandishi yaonekane. "A stop job is running" yenye saa inayohesabu ni huduma inayogoma kusimama, na systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) huisubiri sekunde 90 kabla ya kuiua. Rekebisha huduma hiyo, usikimbilie kupunguza DefaultTimeoutStopSec hadi sekunde 5, maana hifadhidata inaweza kuwa inaandika kwa dhati. Ukifika kwenye "reboot: Power down" na feni bado zinazunguka, kerneli imeshatoa amri na haikutiiwa, kwa hiyo rudi kwa waya_wa_kijani hapo juu. Kabla ya kurudi, andika `cat /proc/cmdline`. Ukikuta `acpi=off`, iliyobaki tangu mtu alipokuwa akipambana na usakinishaji, iondoe: bila ACPI kerneli haina njia ya kuikata pawa saplai ya ATX.

Mashine inayozima kisha kuwaka yenyewe baada ya sekunde chache ni ugonjwa tofauti. Angalia `cat /proc/acpi/wakeup` na `ethtool` ya kadi yako ya mtandao. Wake-on ikiwa g, kadi inasubiri kuamshwa. Andika `ethtool -s` ukifuatiwa na jina la kadi na `wol d`. Upande wa Windows, `powercfg /devicequery wake_armed` inataja vifaa vilivyoruhusiwa kuamsha, na ondoeni tiki ya "Automatically restart" kwenye Startup and Recovery, kwa sababu skrini ya bluu wakati wa kuzima inaonekana kama mashine iliyojiwasha yenyewe.

mezani_i5

Mrejesho. Kulemaza ME: imezima kabisa mara ya kwanza. Nimesakinisha toleo linaloanza na 9.5 kutoka ukurasa wa mtengenezaji, mtandao ukiwa umechomolewa, na Device Installation Settings nimeweka No. Nimezima mara sita tangu jana, nne kwa kubofya kawaida na mbili kwa Shift. Feni zinasimama ndani ya sekunde mbili baada ya skrini kuzima. Sleep nayo imepona.

Limebaki la mwanga wa kibodi.

soma_logi

Safi sana mkuu. Mwanga huo si hitilafu. Ni zile volti 5 za kusubiri, ubao wako unazipeleka kwenye USB hata ikiwa S5 ili kibodi iweze kuamsha mashine. Ingia BIOS, sehemu ya Power au APM, tafuta ErP au EuP, iweke Enabled, kwenye baadhi ya mbao inaandikwa S4+S5 au S5. Jina linatokana na kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo tangu 2013 zinataka kifaa kilichozimwa kisitumie zaidi ya nusu wati. Ikiwashwa, USB inakosa umeme mashine ikizimwa, na kadi ya mtandao pia, kwa hiyo kuwasha kwa mbali kwa Wake on LAN hakutafanya kazi tena, wala kuchaji simu kwenye USB mashine ikiwa imezimwa. Kama unatumia kimojawapo, uache mwanga uwake.

Baada ya kila sasisho kubwa la Windows, fungua Device Manager usome tena ile namba ya toleo. Sasisho kubwa husakinisha upya karibu kila kitu, na ile No yako inaweza isiheshimiwe siku hiyo. Faili la toleo la 9.5 lihifadhi kwenye ile diski ya kawaida, usitegemee kulikuta kwenye ukurasa wa mtengenezaji miaka ijayo.